"Huko unamwendea nani?"

Tangu Jumapili neno moja la mama limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki hii tumehamisha ofisi, mdogo wangu kajifungua salama mtoto wa kiume, wanamgambo wa mtaa wamebadilisha zamu zao, yote hayo yamepita. Usiku nikizima taa nasikia lile lile.

Nilimpigia kama kawaida baada ya ibada. Kamwene, kamwene, habari za kuku, habari za mgongo. Ndipo nikamwambia: "Mama, mwakani mwezi wa tano nataka kwenda Peru."

"Huko unamwendea nani?"

"Simwendei mtu. Nakwenda kutembea tu."

"Kutembea." Akanyamaza. Nikasikia kuni zikipasuka jikoni kwake. "Haya, mwanangu."

Hiyo "haya" ndiyo iliyonichoma. Mama akikubali husema "sawa". "Haya" huwaambia wanunuzi wa lumbesa, wanapojaza gunia lake la viazi mpaka linaota kichwa, halafu wanamlipa bei ya gunia moja.

Nimeligeuza swali lake kila upande. Jumatatu niliona ni swali la mtu mzima tu: kwetu hufungi safari bila mwenyeji, ukienda Mbeya kuna shangazi, ukienda Dar kuna kaka. Jumanne likanikasirisha. Miaka 11 napokea watu hapa Moshi wanaokuja kupanda mlima bila kumjua hata mmoja wetu, na sijawahi kumuuliza yeyote anamwendea nani. Mwenyeji wao ni mimi. Kwa nini zamu yangu ikifika ionekane nimepotea? Jumatano usiku ndipo nilipolisikia swali jingine lililojificha ndani yake: na mimi je? Krismasi sikwenda Njombe kwa mama. Pasaka pia sikwenda.

Mpango wenyewe ni huu. Siku 9, na karibu 3 zitaliwa na ndege: Kilimanjaro, Addis Ababa, São Paulo, Lima, kisha Cusco. Nimeushikilia mwezi wa tano kwa sababu huku ni masika, wapandaji wamepungua na likizo inapatikana, na kule milimani ndio kiangazi kinaanza. Cusco iko mita 3,400 hivi. Watu wanapanda ndege Lima, pembeni mwa bahari, wanashukia juu kiasi hicho ndani ya saa moja na ushee. Mimi ninayewakatalia wageni kukimbilia Horombo, kambi ya pili ya Kilimanjaro, siku ya kwanza siwezi kujifanyia hivyo. Nikitua tu nitateremka Ollantaytambo, bondeni, nilale usiku 2, ndipo nichukue treni ya Aguas Calientes, mji ulio chini ya Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka. Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430, chini kuliko Mandara, kambi yetu ya kwanza mlimani! Njia ya Inka, ya kufika huko kwa miguu siku 4, nimeiacha. Vibali ni vya watu 500 kwa siku, waongozaji na wapagazi (wagumu, kama tunavyowaita huku) wakihesabiwa humo humo, na siku 4 sina.

Alhamisi nilikuwa nasoma habari za Pisac, karibu na Cusco, ambako wakulima wa Kikechua wanatunza aina zaidi ya 1,000 za viazi. Viazi hivi hivi vya mviringo vilivyonisomesha vilitoka milima ile. Nikafika kwenye chuño, viazi vyao vya kukausha. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikikaza, wanatandaza viazi nje usiku vigande. Mchana jua linaviyeyusha, wanavikanyaga kwa miguu mitupu maji yatoke, wanavianika mpaka vinakuwa vyepesi na vigumu kama kokoto. Vinakaa miaka bila kuoza.

Mwezi wa sita na wa saba! Ndiyo miezi mama huamka na kukuta sakitu, ile baridi inayogandisha umande, imeshuka kwenye vinyungu vyake vya bondeni, majani ya viazi meusi kana kwamba mtu ameyamwagia maji ya moto. Nimemwona akisimama pale na jembe begani, hasemi kitu.

Nikampigia hapo hapo, saa 3 usiku, wakati huwa ameshalala.

"Wanavikanyaga? Kwa miguu?"

"Kwa miguu, mama."

"Na sakitu je?"

"Wanaingoja."

"Wanaingoja," akarudia, taratibu. Kisha maswali yakafuatana: wanavianika siku ngapi, vikipikwa vinarudi laini, wanawake nao wanakanyaga au ni wanaume tu. Akataka nimletee vitatu vya mbegu. Nikamweleza kwamba mbegu hazipitishwi uwanja wa ndege hivi hivi, zinaweza kubeba magonjwa yakamaliza shamba lake na la jirani. Akafikiri kidogo. "Sawa," akasema. "Basi ukatazame vizuri."

Nilibaki na simu mkononi nimefurahi kama mtoto.

Ila kabla ya kukata aliongeza, kama mtu aliyekumbuka kuwa chumvi imeisha, kwamba macho ya kichanga cha mdogo wangu wanayaona ya manjano, na hanyonyi vizuri. Eti wanamtoa juani asubuhi. Nimemwambia wasingoje jua, wampeleke hospitali mara moja. Tangu alfajiri nimempigia mdogo wangu mara 3. Simu inaita tu.