Barua ya Dada Yangu ya Kuomba Uafisa

Wiki iliyopita dada yangu mdogo, ambaye sasa ni raia wa Marekani na ana umri wa miaka 37, alinipigia simu hapa Nakuru akitaka nimsaidie kukumbuka miaka yake ya kazi ya bohari, kwa kuwa anaomba nafasi ya afisa wa ugavi katika jeshi la akiba la wanamaji la nchi hiyo. Kikosi cha ugavi, ambacho huhesabu historia yake tangu 1795, hushughulikia chakula, mafuta na vipuri, na huwapokea hata watu waliokwisha kubobea katika kazi za kiraia, ambao kwa kawaida huhudumu wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Kuna vipimo vya afya, mahojiano, kisha jopo la uteuzi.

Kilichomkwamisha ni barua ya kujieleza. Alikuwa ameijaza maneno makubwa kuhusu uongozi, nami nikamsihi aandike habari za magunia. Alipokuwa karani wa bohari ya nafaka huku kwetu, jioni moja hesabu ilipungua magunia 12 ya mahindi, yale ya kilo 90, naye akakataa kutia sahihi kwenye leja. Akahesabu upya safu kwa safu, akitia alama za chaki ukutani, hadi saa tatu usiku alipoyakuta nyuma ya mbolea. Kwangu mimi, huyo alikuwa afisa wa ugavi tayari.

Jana amenitumia rasimu mpya, na inaanza na ile chaki.