Unga umemwagika South Dakota

Tumeegesha sasa hivi, saa tatu usiku, karibu na hifadhi ya Badlands, huku Marekani. Mgongo unauma, ila nacheka peke yangu.

Kwa wasiojua: mimi na baba watoto tulinunua gari-nyumba mwezi uliopita. Kitanda, jiko la gesi, choo, vyote humo humo. Leo ndiyo safari yetu ya kwanza ya mbali, kutoka Minneapolis, kama kilomita 800.

Barabara ya I-90 imenyooka, lakini upepo wake jamani! Gari linayumba kama dau. Mzee kakamata usukani kwa mikono miwili, hata redio hataki.

Tumevuka Mto Missouri pale Chamberlain, akakata kona kuingia kituo cha mafuta.

Nyuma tukasikia puu!

Kabati. Nani alitakiwa kufunga komeo? (Simtaji mtu, ila si mimi.)

Mfuko wa sembe, kilo mbili nzima, umepasuka. Mzee akaenda kukagua na ndala zake, akarudi kimya. Nyayo nyeupe zimejipanga kwenye zulia jipya, kutoka jikoni hadi kwenye usukani, hadi mistari ya ndala inasomeka.

Nilitaka kukasirika. Akaniuliza kwa upole, "Sasa leo tunakula nini, mama?"

Nilicheka mpaka machozi.

Tumekula mkate na chai. Nje nyota zimejaa kama kijijini kwetu. Nyayo bado zipo, nimemkataza kufagia.

Wenye magari haya, makabati mnayafungaje? Na sembe huku nitaipata wapi?