Port Talbot: tanuri limezimwa, sasa ni zamu ya skrapu

Vijana wa Changamwe wenye cheti cha kuchomelea huuliza kila mara kama viwanda vya Uingereza bado vina kazi. Vipo, ila kazi yenyewe imegeuka.

Tanuri la mwisho la kiwanda cha chuma cha Port Talbot, huko Wales, lilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Mwaka 1970 Uingereza nzima ilitoa karibu tani milioni 28 za chuma. 2024 zilikuwa kama milioni 4. Tanuri la zamani hula madini ya chuma na makaa ya koki (makaa ya mawe yaliyookwa) usiku na mchana. Likipoa, chuma huganda ndani, na kuliwasha tena ni gharama isiyosemeka. Ndiyo maana Aprili 2025 serikali ilikimbilia kiwanda cha Scunthorpe, England, kwenye matanuri mawili ya aina hiyo yaliyobaki nchini, ili makaa yasikatike.

Port Talbot inajengewa tanuri la umeme la pauni bilioni 1.25, milioni 500 kati yake zikitoka serikalini. Litayeyusha skrapu, yaani vyuma chakavu, hadi tani milioni 3 kwa mwaka. Kila tani hutaka kama uniti 400 mpaka 500 za umeme, na umeme wa viwandani Uingereza ni ghali kweli. Watu watakaohitajika ni wachache: hakuna tena mitambo ya koki. Anayetafutwa ni fundi umeme, fundi haidroliki, fundi wa kreni.

Ugumu wa skrapu ni shaba ya waya na mota inayobaki humo. Ikishaingia kwenye chuma kilichoyeyuka haitoki. Chuma kikipashwa moto kabla ya rola, uso wake hushika kutu, shaba hubaki chini ya kutu hiyo, na kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 hupenya ndani na kupasua bamba. Nondo huvumilia shaba asilimia 0.4 hivi, bamba la bodi ya gari hutaka chini ya 0.1. Piga hesabu: gari lenye kilo 900 za chuma, ukiacha kilo 2 tu za shaba, umeshafika asilimia 0.2. Dawa ni kuchanganya na chuma kipya cha madini, ambacho huongeza gharama, au kuchambua mapema.

Hata yadi za Mombasa zina la kuchukua hapo. Kabla gari halijakandamizwa, toa waya zote, stata, alteneta, mota za waipa na za madirisha, pamoja na rejeta. Mota ndogo ndizo husahaulika, kwa kuwa ganda lake ni chuma na sumaku huzinyanyua na vingine. Uza shaba kando. Bei yake ni mara kadhaa ya chuma.

Shokamzoba na mitungi ya gesi itobolewe na mtu anayejua, wala skrapu isipakiwe ikiwa na maji. Maji yakifungiwa ndani ya chuma cha nyuzi 1,600 hugeuka mvuke papo hapo, na tanuri hulipuka watu wakiwa kando yake.