Sukari kushuka ukiwa mjamzito, chai ya sukari haitoshi

Wadada wenzangu wenye mimba, hili neno "vumilia, mimba ndo zilivyo" mi silikubali kabisa. Ukifika saa nne asubuhi mikono inaanza kutetemeka, jasho jembamba linakutoka, moyo unaenda mbio, njaa ya ghafla mpaka macho yanaingia giza, usikae kimya. Hiyo inaweza kuwa sukari imeshuka, na sukari ikishuka kuna cha kufanya.

Mimi ilinianza miezi ya mwanzo kipindi cha kutapika. Chakula hakikai, usiku nalala na matonge mawili ya ugali basi, asubuhi chai ya rangi na andazi alafu kwenye daladala ya Mbagala kusimama mpaka mjini. Kliniki nesi akanitoboa kidole, kamashine kakasoma sukari 3.2 (kwa kipimo cha mmol/L), yani iko chini, nikiwa bado mkavu hata maji sijanywa. Akauliza tu, jana umekula nini na saa ngapi, akaanza kunielewesha taratibu.

Iko hivi. Mtoto anachukua sukari kutoka kwenye damu yako kupitia kondo la nyuma saa zote, wewe umelala yeye anakula. Kwahiyo mjamzito akikaa muda mrefu bila kula sukari yake inashuka haraka kuliko ya mtu asiye na mimba, na mwili unawahi kuanza kuchoma mafuta. Miezi ya mwanzo insulini yako, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, pia huwa inafanya kazi vizuri zaidi, changanya na kutapika basi ndo hapo unajikuta umeshika ukuta. Mbele huko mambo yanageuka, homoni za kondo zinaibana insulini na wengine wanapata kisukari cha mimba, ndo maana wiki ya 24 mpaka 28 kuna kile kipimo cha kunywa glukosi, usikikwepe.

Sasa chai na andazi shida yake ni hii, sukari na unga mweupe vinapandisha sukari haraka, mwili unamwaga insulini kuikimbiza, baada ya masaa mawili matatu umeshuka tena na unatamani tena kitu kitamu. Watu wanatembea na paketi ya glukosi kwenye pochi wanalamba siku nzima wanashangaa kwanini hawaponi. Glukosi ni ya dharura jamani, si chakula.

Kilichonisaidia ni kula kidogo kidogo kila masaa mawili mpaka matatu, na kila mlo uwe na kitu kinachokaa tumboni, yani protini au mafuta kidogo pamoja na wanga usiokobolewa. Kabla sijatoka kitandani natafuna kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha nilichokiweka pembeni tangu usiku, hata kichefuchefu kinatulia. Alafu uji wa ulezi wenye maziwa na karanga. Saa nne yai la kuchemsha, yale ya wauza mayai stendi nayapenda sana na kachumbari yake ila mwambie akupe lililoiva mpaka kiini, na kachumbari ni bora ya nyumbani ulioiosha mwenyewe. Na msisikilize wanaosema mjamzito asile mayai eti mtoto atazaliwa hana nywele, hayo maneno yamewanyima mama zetu chakula kizuri cha bei rahisi. Mchana dona na maharage au dagaa na mboga, tunda nakula baada ya chakula, sili tunda peke yake nikiwa na njaa. Kabla ya kulala kikombe cha mtindi na korosho au karanga chache, hiki usikiruke kwasababu usiku ndo mfungo mrefu kuliko yote.

Kuhusu uji niseme kidogo. Usisage karanga pamoja na ulezi ukaweka ndoo ya mwezi mzima, mafuta ya karanga yanaharibika, uji unakuwa na uchungu fulani unaokwangua koo na mjamzito ukishausikia hutautaka tena. Saga ulezi peke yake, karanga chambua kwa mkono, zilizosinyaa na zenye ukungu tupa bila huruma maana sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, kisha saga za siku chache tu uchanganye kwenye sufuria uji ukikaribia kuiva.

Chai sijasema muache, ila isikae pamoja na chakula wala vidonge vya kuongeza damu maana inazuia madini chuma, na upungufu wa damu nao unaleta kizunguzungu hicho hicho. Ndo maana lazima upime, usikisie.

Ikishuka ghafla ukiwa njiani, kaa chini kwanza. Vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, kama bado rudia. Ukitulia kula chakula cha kweli. Chokoleti haifai hapo, mafuta yake yanachelewesha sukari.

Anayetumia insulini hii mada kwake ni nzito zaidi, chini ya 3.9 tayari imeshuka, na ikimtokea mara kwa mara arudi kwa daktari dozi iangaliwe, asijipunguzie mwenyewe. Na ukiwa na homa usikimbilie juisi ukalala, malaria kali inashusha sukari kwa mjamzito vibaya sana, na kwinini yenyewe inashusha pia, kwahiyo kapime siku hiyo hiyo. Kwa Waislamu wenzangu Ramadhani ikikukuta hivi, ruhusa ya kula ipo kwa mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto, itumie.

Mwisho waambie unaoishi nao, mume, mdogo wako, dada wa kazi, kwamba ukikutwa umezimia wasikumiminie soda wala kukuwekea kitu chochote mdomoni kwasababu kinaweza kuingia kwenye mapafu. Wakulaze kwa ubavu wa kushoto na waite gari la kwenda hospitali hapo hapo.