Herufi sita za deksamethasoni

Zamu za usiku kwenye duka letu la dawa zimepoa wiki hii, nikapata nafasi ya kusoma upya kitu nilichokipita mbio chuoni: jinsi kipokezi cha glukokotikoidi, yaani protini ya seli inayopokea homoni kama kotisoli na dawa zinazoiiga, kinavyoitambua DNA. Chuoni tulimeza sentensi mbili tu. Homoni inaingia kwenye seli, kipokezi kinaingia kwenye kiini, jeni zinawaka. Mtihani ulipokuja tukaandika hivyo hivyo na tukafaulu. Kumbe utamu wote uko hapo katikati, tulipoparuka.

Kipokezi chenyewe ni mnyororo wa asidi amino 777, vile vipande vidogo vinavyounda protini. Kisipokuwa na homoni hukaa nje ya kiini, kimeshikiliwa na protini walezi. Ikija kotisoli, au deksamethasoni hii tunayoiuza sisi, kinabadilika umbo na kuhamia ndani. Lakini sehemu inayoishika DNA ni fupi mno, kama asidi amino 70. Ndani yake mna atomu mbili za zinki, kila moja imebanwa na sisteini nne. Ukiiondoa zinki, sehemu nzima inapoteza umbo lake na haishiki tena.

Karibu na zinki ya kwanza kuna kipande kilichojiviringa ambacho hulala ndani ya mfereji mpana wa DNA. Hapo ndipo kinaposoma. Hakihitaji kuziachanisha nyuzi mbili za DNA. Kinapapasa kingo za herufi zake (A, C, G na T) kutoka pembeni, kama asiyeona anavyosoma Breli kwa ncha za vidole.

Maneno kinayoyatafuta kwenye DNA nimeyaandika nyuma ya risiti ili niyaone: AGAACA, halafu herufi tatu zozote, halafu TGTTCT. Ukifuata uzi wa pili kwa mwelekeo wake mwenyewe, unakuta mpangilio uleule. Kwa hiyo vipokezi huja viwili, vikitazamana, kila kimoja na nusu yake. Zinki ya pili ndiyo inayosaidia viwili hivyo kushikana. Sasa chukua kipokezi cha estrojeni, homoni ya kike: chenyewe kinatafuta AGGTCA. Linganisha na AGAACA. Tofauti ni herufi mbili za katikati, basi!

Mwaka 1987, kwenye maabara ya Pierre Chambon kule Strasbourg, walichukua kipokezi cha estrojeni, wakang'oa sehemu ya kushika DNA na kupachika ile ya glukokotikoidi. Seli zikapewa estrojeni, ikawaka jeni iliyozoea kuitii glukokotikoidi. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba hata kung'oa kote huko hakuna haja: asidi amino mbili au tatu kwenye kile kipande kilichojiviringa zinatosha kukifanya kipokezi kihamie kwenye neno la mwenzake. Mbili au tatu, kati ya 777. Niliweka simu chini kidogo hapo.

Halafu kuna picha ya mwaka 1991 ya kipokezi kikiwa kimeishika DNA, iliyopatikana kwa kuvigandisha viwe fuwele, kutoka maabara ya Paul Sigler, Chuo Kikuu cha Yale, ambayo naipenda kuliko zote. DNA waliyotumia ilikuwa na pengo la herufi nne badala ya tatu. Ungetegemea vipokezi viachiane kidogo ili kila kimoja kikae kwenye neno lake. Wapi! Vilishikana vilevile, kimoja kikakaa sawasawa na mwenzake akabaki nje ya neno kwa herufi moja, ameishika DNA bila kuisoma. Kumbe umbali kati ya maneno nao unasomwa.

Hapa nikakwama kidogo. Neno la herufi sita, kwa bahati nasibu tu, hutokea mara moja katika kila herufi 4,096. Sisi tuna herufi kama bilioni tatu. Hesabu mwenyewe: ni malaki ya sehemu. Hata ukidai nusu zote mbili ziwepo, na kipokezi huvumilia makosa kwenye nusu ya pili, bado sehemu zinazofaa ni nyingi kuliko zinazokaliwa. Jibu ni kwamba DNA nyingi imefungwa na kukazwa kwenye protini zake, na kipokezi hukaa zaidi pale ambapo seli imekwisha kufungua. Seli ya ini imefungua kwake, ya pafu kwake.

Wateja nao huniuliza kuhusu jambo hilihili, kipokezi kimoja kufanya kazi tofauti kila kiungo, bila kujua. "Dokta, dawa moja itatibuje pumu na ngozi, halafu hiyohiyo inipandishie sukari?" Wengine hawaulizi, wanataka tu "zile za kuongeza mwili", na hao ndio wanaonichosha, maana uso unaovimba wanauita afya. Kidonge hakina uwezo wa kuchagua kiungo. Kinakiamsha kipokezi kilekile kila mahali, na ini, ambalo jeni zake za kutengeneza glukosi ziko wazi, linatii kama pafu linavyotii.

Watengenezaji wa dawa kwa muda mrefu wametamani kutenganisha faida na madhara: kutuliza uvimbe bila kugusa sukari wala mifupa. Tumaini lilitokana na panya wa maabara ya Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1998. Panya wasio na kipokezi hiki kabisa walikuwa wakifa saa chache baada ya kuzaliwa, mapafu yao hayajafunguka. Hawa wa Heidelberg walibadilishwa asidi amino moja tu, pale vipokezi viwili vinaposhikana, na wakaishi. Ikaonekana kipokezi kinaweza kufanya mengi kikiwa peke yake, pengine kwa kuzing'ang'ania protini nyingine zinazowasha uvimbe badala ya kuishika DNA chenyewe. Baadaye mambo yakachanganyika, kwa sababu hata kipokezi cha panya hao kiliendelea kushika DNA sehemu kadhaa, na jeni nyingine za kutuliza uvimbe zinahitaji vipokezi viwili vilivyoshikana. Dawa zilizobuniwa kwa wazo hilo nazo hazijawaondolea wagonjwa madhara kama ilivyotarajiwa. Nikiulizwa kesho kama kuna prednisoloni, dawa ya kundi hilihili, isiyopandisha sukari, nitajibu hakuna, ila safari hii nitaweza kueleza kwa nini.