Homa ya Julai ilinilaza siku tano, nikajiuguza mwenyewe

Julai ya Nairobi ina baridi inayoingia kwenye mifupa. Kwenye matatu madirisha yamefungwa yote na nyuma yako mtu anakohoa. Jumatatu jioni nilishuka Umoja nikiumwa kila kiungo, na usiku nilitetemeka chini ya blanketi mbili.

Naishi peke yangu. Asubuhi jirani alinibishia mlango, akasema, "Mwanangu, nunua antibayotiki, siku tatu umepona." Alinitakia mema, lakini ushauri huo huniudhi sana. Homa hii inaletwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Nilimshukuru, nikamwomba aniletee ndimu na tangawizi.

Jambo lililonitia hofu zaidi ni dawa. Nyumbani nilikuwa na Panadol, na kwenye kemisti nilikuwa nimeuziwa paketi nyingine ya "homa na mafua". Vidonge vilikuwa tayari kiganjani, viwili vya huku na viwili vya huku, maji yako mkono wa pili. Sijui nini kilinizuia. Niliwasha tochi ya simu nikageuza paketi, na pale chini, kwa herufi ndogo kama sisimizi, nikasoma: parasetamoli miligramu 500. Ni ileile iliyo ndani ya Panadol! Mtu mzima hapaswi kupita vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, maana vikizidi vinaharibu ini. Paketi ile niliifungia kabatini. Kwenye Panadol nikaandika kwa kalamu: saa moja, saa saba, saa moja, saa saba, na kila nikimeza viwili naweka alama. Joto likipanda kichwa hakikumbuki kitu. Usiku wa pili nilikuwa na hakika kwamba sijameza, alama ikanionyesha nimemeza.

Kujifukiza nilijaribu mara moja tu. Niliweka sufuria ya maji yanayochemka juu ya stuli, nikajifunika leso, nikapiga chafya moja kubwa. Stuli iliyumba, maji yakamwagika sakafuni, nusura yaniunguze miguu. Sikurudia. Tangawizi na asali kwenye kikombe zilinituliza koo vizuri tu (mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali).

Maji niliyajaza kwenye chupa ya soda ya lita mbili kando ya kitanda, nikaapa iishe kabla ya giza. Chakula kilikuwa kinanikinaisha, kwa hivyo nilikunywa uji wa wimbi na supu ya mifupa ya shilingi mia moja hivi.

Kila usiku mama alinipigia simu kuuliza, "Kifua kinabana? Pumzi inatoka vizuri?" Tulikubaliana kwamba nikikosa pumzi, au joto likishuka kisha lirudi, naenda hospitali usiku huohuo.

Ijumaa joto lilikwisha. Nilifungua dirisha, nikafua mashuka. Kikohozi kilibaki wiki mbili, na kwenye matatu nilivaa barakoa.