Programu inaonyesha treni sahihi, lakini unafika kwingine: nilivyotatua

Sisi wa Kisumu tumezoea treni inayofika Nairobi ikiwa nzima. Huko Bavaria, Ujerumani, mambo ni tofauti. DB Navigator, programu ya simu ya shirika la reli la Ujerumani, inakuonyesha treni ya moja kwa moja kutoka München (Munich) hadi mji wa Tegernsee, unapanda kwa saa na jukwaa sahihi, halafu unajikuta Lenggries, mji mwingine kabisa.

Kufuata ramani ya GPS hakukusaidia (hukuonya ukiwa umeshapotea). Kupakua programu upya, wapi!

Kumbe treni hizo hukatwa njiani: kwanza Holzkirchen, kisha Schaftlach, kila kipande kikashika njia yake. Kwa hiyo gusa safari yenyewe kwenye skrini, usome maelezo madogo chini ya namba ya treni. Herufi ya sehemu ya jukwaa ikiwepo, A, B au nyingine, simama hapo hapo. Kisha, na hapa ndipo penye siri, soma jina la kituo cha mwisho lililoandikwa kwenye behewa unalopanda. Ubao wa jukwaani usiutegemee, kwani unaweza kutaja miisho yote mitatu kwa pamoja.

Ukigundua umekosea, shuka Holzkirchen mara treni inaposimama, ukimbilie kipande chako kabla hakijaondoka.